Mumbere Atangulie Kupanda Kabasha

Butembo, tarehe 3 mwezi wa saba 2022

Mama Mumbere,

Pokea kwanza salamu, halafu pokea sweta. Ameifuma Kahindo, kitinda mimba wangu, aliyebaki nyumbani kunilinda kama polisi. Mkono wa kushoto umemzidi urefu kidogo, lakini usimwambie, atanipikia sombe bila chumvi wiki nzima. Sweta ni ya mjukuu wangu Mumbere. Nilisema afume ya mtoto anayetembea, maana sasa ana mwaka na nusu, na baridi ya Alimbongo, njiani kuja kwetu, haimhurumii mtu hata mwezi wa nane.

Mume wako Benny alinipigia simu Jumapili. Masikio yangu unayajua, injini za malori zimeyala miaka yote ile. Nilisikia "Papa" mwanzoni na "Papa" mwishoni, katikati ilikuwa mvua juu ya mabati. Ndiyo maana nakuandikia wewe, unayejibu kwa karatasi. Moïse, dereva niliyemfundisha kazi, ndiye atakayekuletea hii.

Mkija, msipande ndege. Ndege inampitisha mtu juu ya nchi yake kama gunia. Njooni kwa barabara. Wanangu wanne wote niliwapandisha mlima wa Kabasha mimi mwenyewe, ndani ya lori langu, kila mmoja kwa zamu yake ya kuzaliwa. Kwenye kona ya juu kabisa, pale uwanda wote wa Rwindi unapofunguka chini hadi ziwani, nilisimamisha lori, nikamwinua mtoto aone, nikatamka jina lake kwa sauti. Wewe ni binti wa Masisi, utasema sisi Wanande tuna mambo. Hapana, hii ni desturi ya nyumba yangu peke yake. Ila majina ni ya Wanande wote: mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Ukitaja jina, mtu amekwisha kujua umetokea mlango wa ngapi.

Nimefurahi kusikia Kambale mdogo amezaliwa salama. Lakini Kambale hainuliwi Kabasha kabla ya Mumbere. Mkubwa atangulie. Waleteni wote wawili.

Mumbere ameota meno mangapi? Anasema nini? Benny hajibu maswali ya maana.

Mimi papa yako,
Wenceslas


Goma, Majengo, tarehe 11 mwezi wa saba 2022

Wifi yangu Kahindo,

Sweta imefika. Imekaa juu ya cherehani yangu kwa sababu sijui mahali pengine pa kuiweka. Nikitaka kushona naihamishia kitandani, nikitaka kulala nairudisha kwenye cherehani. Umefuma vizuri, hata mkono wa kushoto.

Mumbere alikufa. Naandika hivyo, wazi, kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna anayelitamka neno hilo. Alikufa mwaka jana, wiki ile volkano ilipotutoa Goma na mtaa wetu wote wa Majengo ukaambiwa uondoke. Tulipita Mugunga kwa miguu, tukafika Sake, tukalala chini ya turubai la watu tusiowajua. Maji safi hayakuwapo. Alihara siku mbili tu. Hakuwa amefikisha hata miezi minne. Tulimzika nyuma ya kanisa asubuhi, na jioni tulikuwa tunatafuta unga kama watu wengine. Wanawake walinikataza kulia: "Mutoto mudogo habalilii sana, tumbo itafunga, hautazala tena." Basi nikanyamaza. Hakuna mtu aliyemkalia matanga, hata siku moja.

Siku ile Papa yenu alikuwa hospitalini kwa presha, na Benny akamwambia kwenye simu kwamba sote ni wazima. Akasema atamweleza akitoka. Alipotoka akasema tungoje apate nguvu. Sasa uongo wetu una mwaka na zaidi, una meno, umeanza kutembea, na unafumiwa sweta.

Nimechoka, Kahindo. Sina neno zuri kuliko hilo. Namnyonyesha Kambale huku nikihesabu ndugu yake angekuwa na meno mangapi, ili nimjibu babu yao. Niruhusu nimwambie.

Wifi yako,
Bénita


Butembo, tarehe 19 mwezi wa saba 2022

Bénita wangu,

Nilisoma barua yako jikoni, nikaitia motoni, halafu nikalia nikisingizia moshi. Usifikiri ninapofuma moyo wangu unacheka. Papa huketi mbele yangu na kupima kwa mkono: "Ongeza, mutoto wa kwetu iko mukubwa."

Lakini usimwambie, nakuomba kwa magoti yote mawili. Mwezi jana muuguzi alikuja na ile mashine ya presha, akaitazama mara mbili kama mtu aliyesoma vibaya. Amesema tumkinge na habari nzito. Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili, mimi ndiye ninayesikiliza kama anapumua. Ukimwambia, wewe utakuwa Goma, mimi ndiye nitakayempata sakafuni.

Tumekubaliana na Benny hivi: Mumbere yuko kwa mama yako, kule Mushaki, anakunywa maziwa ya ng'ombe wenu, na ana kikohozi. Njoo na Kambale peke yake. Papa akishika mtoto mmoja mikononi, huenda atatulia. Tutaona baadaye.

Vumilia kidogo tu.

Kahindo


Goma, tarehe 27 mwezi wa saba 2022

Papa,

Asante kwa sweta. Ni ya joto.

Mumbere yuko kwa bibi yake Mushaki. Ana kikohozi, mama yangu hataki asafiri. Benny naye hakupata ruhusa ya kazi, kwa hiyo nitakuja mimi na Kambale, pamoja na Moïse. Kuhusu meno, Benny atakueleza.

Nieleze barabara, Papa. Sijawahi kupita Rutshuru. Niambie nitazame wapi.

Mkamwana wako,
Bénita


Butembo, tarehe 4 mwezi wa nane 2022

Mama Mumbere,

Kikohozi cha nini wakati kuna maziwa na asali? Mwambie bibi yake asimfunge mtoto kama kabichi. Nimehuzunika, sikufichi. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kila mtu hapa mtaani.

Lakini umeniuliza barabara, na hilo linaniponya. Sikiliza. Kaeni upande wa kulia. Mkitoka Munigi mtapita juu ya jiwe jeusi la mwaka jana, Moïse aende polepole, linakula matairi. Baada ya hapo volkano zitawasindikiza mpaka utazichoka. Mkifika Kiwanja mtangoja msafara wa askari wa kuvuka mbuga, usigombane nao, kula ndizi za kuchoma. Rwindi tazama nyasi, tembo hawajifichi. Kisha inaanza Kabasha. Moïse atie gia, vitesi ya kwanza, na asiwe na haraka, mlima ule haupendi vijana. Mnapanda, mnageuka, mnapanda, na kila kona uwanda unazidi kuwa mkubwa, mpaka utajiuliza Mungu alikuwa na kazi gani na nafasi yote hii. Nilipita pale nikiwa na njaa, nikiwa na malaria, nikiwa nimetoka kumzika mke wangu. Kila mara nilisimama.

Sasa jambo moja. Kwenye kona ya juu, mfunike Kambale uso kwa kitenge. Asione. Usimwinue, wala usitaje jina lake pale. Zamu ni ya ndugu yake. Mumbere akipona nitashuka mwenyewe hadi Kabasha, hata nikibebwa, niwainue wote wawili kwa utaratibu.

Utanisamehe uzee wangu. Mtu akibakiwa na kitu kidogo, anakishika sana.

Papa yako,
Wenceslas


Kanyabayonga, tarehe 16 mwezi wa nane 2022

Benny,

Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza. Karatasi hukatizi. Gari linaloshuka Goma kesho litakuletea.

Tumefika salama. Barabara ni nzuri kuliko alivyosema Papa, na yeye si mtu wa kusema kidogo. Nimeona volkano ya Mikeno ikiwa imevaa wingu shingoni. Nimeona kabichi za Kibumba, nyani waliokaa barabarani kama watu wa ushuru, na tembo wawili Rwindi, mkubwa na mdogo. Ningekuwa mtu mwingine ningefurahi. Nilikuwa natazama tu ili niweze kumsimulia.

Kuna kitu ambacho hukuniambia, au hukukifikiria kwa sababu kwako ni hewa. Goma, nikisema mwanangu anaitwa Kambale, watu wanasema jina zuri. Goma ni mchanganyiko. Lakini gari lilipojaa watu wa kwenu pale Kiwanja, mama mmoja wa Kirumba aliniuliza, "Mutoto anaitwa nani?" Nikasema Kambale. Papo hapo, kama mtu anayekuuliza mguu wako mwingine uko wapi: "Na Mumbere? Mulimuacha wapi?"

Nikasema yuko kwa bibi yake. Akasema, "Aah, vizuri, bibi anapendaka mukubwa." Kisha askari wa kizuizi cha barabarani, ile barrière, kijana wa Lubero, alimchekea mtoto, akauliza jina, akauliza Mumbere. Kisha muuza ndizi. Kisha mwenye nyumba ya wageni hapa, akiniandikia chumba: "Kambale peke yake? Mumbere anaenda masomo?" Kila mtu kwa wema. Kadiri tunavyopanda ndivyo wanavyozidi kumtafuta. Benny, mtoto wetu ameuliziwa leo zaidi kuliko siku zote alizoishi.

Na kwenye kona ya juu Moïse alisimamisha gari, akavua kofia. Mbele yetu uwanda wote, na ziwa likimeta mbali. Nilimfunika Kambale. Alikuwa macho. Alipigapiga kitenge kwa mikono, alitaka kuona, akaanza kulia, nami nikamshikilia gizani ili nimtunzie zamu mtu aliye chini ya udongo Sake. Mama wa Kirumba alisema, "Mama, mutoto anakosa hewa." Nilimfunua tulipokuwa tumekwisha kuipita kona.

Nilimdhulumu aliye hai kwa ajili ya uongo wako. Wangu pia, najua. Sina hakika kama nitafika Butembo nao.

Bénita


Lubero, parokiani, tarehe 18 mwezi wa nane 2022

Papa,

Gari limeharibika gia hapa Lubero, na masista wamenipa kitanda. Namtuma Fortunat, mtu wa pikipiki, aitangulize barua hii, kwa sababu sitaki kuingia mlangoni kwako kabla haijaingia yenyewe. Kama Kahindo yuko karibu, mwambie aje akae nawe unaposoma. Tafadhali, Papa, keti kwanza.

Jana Alimbongo mama muuza viazi aliniuliza jina la mtoto, halafu akaniuliza lile lingine. Nilifungua mdomo niseme "kwa bibi yake". Nikamwambia, "Mumbere alikufa." Mtu wa kwanza niliyemwambia ni mtu wa viazi, kando ya barabara, ndani ya ukungu. Aliniambia pole, akanishika mkono mpaka Moïse alipopiga honi. Nikaona aibu kwamba yeye amejua na wewe hujui.

Papa, Mumbere hayuko Mushaki. Alikufa Sake mwaka jana, tulipokimbia volkano. Alikuwa mtoto mchanga bado, hakuwahi kuota jino hata moja. Kila jino ulilotajiwa lilikuwa la uongo. Alikuwa na paji la uso kama lako na alipenda kelele, cherehani ikilia alinyamaza na kusikiliza. Nilitaka ujue hayo kwa sababu ni ya kweli na ni machache.

Tulikuficha kwa kuogopa presha yako. Mwanzoni ilikuwa huruma. Baadaye sijui ilikuwa nini.

Nakuja na mtoto mmoja, anaitwa Kambale, na jina lake ni sahihi. Ukitaka nirudi Goma, mwambie Fortunat, nitaelewa.

Bénita


Butembo, tarehe 18 mwezi wa nane 2022

Mama Mumbere,

Nimesoma. Usifike kesho. Fika keshokutwa, jua likivuka utosi. Moïse asipige honi akiingia mtaani.

Wenceslas


Butembo, tarehe 24 mwezi wa nane 2022

Benny,

Najua Kahindo amekupigia simu na kwamba huipokei tena. Basi nitakueleza mimi.

Nilipopata barua ya Papa pale Lubero niliisoma mpaka karatasi ikalegea. "Usifike kesho." Nilidhani amenifukuza kwa adabu. Na ile "Mama Mumbere" niliiona kama kofi. Nilishinda siku nzima nikifua nguo za mtoto zilizokuwa safi na kumuuliza sista magari ya kushuka Goma yanapita lini. Moïse ndiye aliyekataa. Alisema, "Muzee akisema keshokutwa, ni keshokutwa. Mimi sijawahi kumuzoea vingine."

Tulipoingia mtaani kwenu niliona turubai uani. Niliona viti, gogo kubwa linawaka, wanaume wamekaa kimya, wanawake juu ya mikeka. Benny, nilijua amekufa. Nilijua barua yangu imemwua, na kwamba Kahindo alikuwa na haki tangu mwanzo. Nilimkumbatia Kambale, nikabaki garini.

Kisha akatoka mwenyewe ndani ya nyumba, na fimbo yake, kanzu ya kanisani mwilini. Alikuja hadi mlango wa gari. Alimtazama Kambale muda mrefu, akamgusa paji la uso, akampa Kahindo. Mimi akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwenye mkeka katikati ya wanawake. Halafu akasimama mbele ya watu wote na kusema kwa sauti yake ile kubwa ya mtu asiyejisikia akisema:

"Mujukuu wangu wa kwanza, Mumbere, alikufa mwaka uliopita. Bantu balizika, mimi sikujua. Nilikuwa ninakula, ninacheka, mutoto wa nyumba yangu iko mu udongo na hakuna mwenye kumulilia. Leo tunakaa. Musiniambie alikuwa mudogo. Alikuwa na jina."

Ile siku moja aliyonizuilia njiani alikuwa anawaita watu. Alizunguka mtaa mzima kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwaambia wale wale aliokwisha kuwatangazia kwamba Mumbere anakuja.

Nililia, Benny. Sikujua kwamba kilio kilikuwa kimebaki chote. Mama zako wadogo walinishika mabega, hakuna aliyetaja tumbo langu. Nililala palepale kwenye mkeka, mchana, mbele za watu, na nilipoamka mtu alikuwa amenifunika na mtu mwingine alikuwa amemwogesha Kambale. Sijalala hivyo tangu Sake.

Presha yake imepanda, ndiyo, sikufichi, tumemaliza kufichana. Muuguzi anakuja asubuhi na jioni. Papa anameza dawa yake, anafuta macho, anarudi kukaa na wanaume. Kahindo alimwangukia miguuni akaomba msamaha. Alimwinua, akasema neno moja tu, nami nilikuwa karibu nikalisikia: "Mulinihurumia sana, mpaka mukaniibia mufu wangu." Tangu hapo hajalirudia, wala hajamkaripia mtu. Kabasha hajaitaja, nami sijauliza.

Ila kuna hili. Wazee walitaka kuondoa matanga siku ya tatu, kama ilivyo kawaida kwa mtoto. Papa amekataa. Anasema matanga hayaondolewi wakati baba wa mtoto hajayakalia. Wakamwambia labda hutakuja, kazi ni nyingi, na barabara siku hizi haina uhakika. Akawajibu kwamba barabara anaijua yeye. Kwa hiyo gogo bado linawaka. Watu wana mashamba yao na maduka yao, wanakwenda asubuhi, na jioni wanarudi wanakaa. Leo ni siku ya tano. Wamechoka, naona wanavyosinzia kwenye viti, lakini hakuna anayesema, kwa sababu yake.

Kuna kiti kimoja kitupu kando ya Papa. Jana mgeni mmoja alitaka kukikalia, akamzuia kwa fimbo.

Sikuandikii kwa hasira. Iliisha juu ya ule mkeka. Wewe ulimbeba Mumbere kutoka Mugunga hadi Sake, mimi nilikuwa nimebeba godoro, na najua ulivyompangusa uso kila hatua. Najua pia kwamba hujalia. Panda gari la kesho, Benny. Njoo ukae.

Bénita